Milivolti 60 kwa Kila Mara 10

Hotuba kwa wanafunzi wa umeme na elektroniki, Mtwara

Mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wazazi mliotoka Mikindani, Nanyamba na hata kule juu Newala, nanyi wanangu wa ovaroli za bluu: habari za mchana. Wazee wangu, shikamooni.

Nimekuja na kitu kimoja mkononi. Waliokaa nyuma hawakioni, maana ni kidogo kama punje ya mpunga. Ni diodi. Nimeing'oa asubuhi ya leo kwenye redio mbovu iliyokuwa imelala kabatini kwangu miaka. Mkiulizwa kwenye mtihani diodi ni nini, mtaandika kwamba ni mlango wa njia moja: mkondo unapita huku, kule haurudi. Mtapewa alama zenu na ni haki yenu. Lakini mimi naona sisi walimu tunakosea tukiwafundisha neno hilo la mlango kisha tukaishia hapo. Ndani ya punje hii kuna kitabu kizima cha logi, zile logi za hesabu, na nimekuja kuwaonyesha namna ya kukifungua.

Nianze na jambo ambalo kila mtu wa pwani hii amelishuhudia. Usiku wa mwezi mpevu pale ufukweni Shangani unaiona njia, unaziona ngalawa, unamtambua mtu anayekuja kabla hajasema neno. Kesho yake jua la utosi linapiga mchanga uleule hadi unafinya macho. Jua hilo hufikia laksi 100,000; laksi ndicho kipimo cha mwanga. Mwezi mpevu hutoa kama robo ya laksi. Gawanyeni wenyewe: tofauti ni mara 400,000, na jicho lilelile limefanya kazi kote kuwili.

Sasa chukua kihisi cha mwanga, kile tunachokiita fotodiodi, ambacho mkondo wake unaongezeka sawasawa na mwanga. Ukifunge kwenye amplifaya ya kawaida na uipange ili jua la mchana litoe volti 10. Mbalamwezi itatoa ngapi? Mikrovolti 25. Opampu ya kawaida, yaani kile kipande kinachokuza volti ndani ya amplifaya hiyo, ina kosa lake lenyewe la milivolti moja au mbili pale kwenye miguu ya kuingizia. Maana yake kosa la chombo ni kubwa kuliko mwezi mara 40 na zaidi. Mwezi umezama, na hata ukiukuza tena unakuza kosa pamoja nao.

Ninyi vijana najua mtasema: Mwalimu, tupeleke kwenye Arduino, kile kibao kidogo cha kompyuta, programu itamaliza. Haya, tupeleke. Arduino Uno inagawa volti zake katika vidato 1,024. Jua likiwa kwenye kidato cha juu kabisa, mwezi haufiki hata kidato cha kwanza. Haufiki hata sehemu ya mia ya kidato hicho. Programu haiwezi kukokotoa kitu ambacho hakijaingia. Kwa hiyo kazi lazima ifanyike kabla, kwenye waya, kwa vifaa hivi vya senti chache.

Wazee mliosoma enzi zetu mnakumbuka kile kijitabu cha majedwali. Logi ya 2 ni 0.3010. Logi ya 3 ni 0.4771. Ukitaka 2 mara 3, unajumlisha, unapata 0.7781, unafungua upande wa antilogi, unakuta 6. Kwa namba ndogo kama hizo ni kujisumbua bure, lakini kwa namba za tarakimu nne ilikuwa ni kuokolewa. John Napier wa Uskoti alizitoa logi hadharani mwaka 1614, na Henry Briggs wa Uingereza akazipanga kwa msingi wa 10. Kwa karne tatu na ushei mabaharia, wapima ardhi na wahandisi walihesabu hivyo. Logi hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha, na namba zinazopishana mno inaziweka karibu karibu. Ile mara 400,000 yetu, logi yake ni 5.6 tu. Jua na mwezi wanaenea kwenye rula moja.

Sasa diodi inaingiaje? Chukua diodi ya silikoni iliyo nyoofu kabisa, ipitishe mkondo wa mikroampia 1, pima volti. Halafu mikroampia 10. Halafu 100. Mkondo unaruka mara 10, mara 10 tena, lakini volti inapanda hatua zilezile, kama milivolti 60 kila mara. Mkondo unazidishwa, volti inajumlishwa. Hiyo ndiyo logi yenyewe, na hakuna mtu aliyeiandika mle ndani.

Mbona iwe hivyo? Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu vitabu vingi vinarusha fomula na kupita.

Watu wa Newala, nisaidieni. Mji wenu uko juu ya uwanda wa Makonde, na kina bibi walikuwa wakishuka bondeni kufuata maji na kupanda tena na mzigo kichwani. Walioanza kupanda walikuwa wengi, wenye nguvu ya kufika juu bila kupumzika wachache. Elektroni ndani ya diodi nazo zina mlima wao, pale silikoni ya aina moja inapokutana na ya aina nyingine. Joto ndilo linalozigawia nguvu, na haligawi sawa: nyingi zina nguvu kidogo, na kadiri unavyodai nguvu zaidi ndivyo zinavyopungua, kwa uwiano uleule kila ukipanda hatua. Volti unayoiweka kwenye diodi inaushusha ule mlima. Ukiushusha kwa milivolti 60, zinazovuka zinakuwa mara 10. Ukiushusha milivolti 60 nyingine, mara 10 ya zile mara 10. Haziongezeki kwa idadi ileile, zinaongezeka kwa mara ileile. Kalieni hilo neno moja, kwa mara, maana kazi yote ya leo imejengwa juu yake.

Mwanafizikia William Shockley aliiandika kanuni hiyo mwaka 1949 katika kazi yake juu ya diodi na transista za silikoni na jamaa zake. Kwa nyuzi 27 za Selsiasi, volti ya diodi ni milivolti 26 hivi mara logi asilia ya mkondo wake, baada ya kuugawa mkondo huo kwa mkondo mdogo sana ambao ni wa diodi yenyewe tangu kiwandani, tuuite mkondo wa asili. Milivolti 26 ukizidisha kwa 2.3, ili uje kwenye logi za msingi wa 10 tulizozizoea, unapata zile 60.

Diodi peke yake haitoshi, na hapa vijana wengi ndipo wanapokwama. Ukiunganisha rezista na diodi ukaweka volti zako, diodi inakula sehemu ya volti kabla mkondo haujapita. Mawimbi madogo yanaishia mlangoni. Tunahitaji kitu kitakachosema: volti zote zilizoingia zigeuke mkondo kupitia rezista, pasipo diodi kudai chake. Kitu hicho ni opampu, kile kipande cheusi cha miguu minane. Jina lake lilitolewa mwaka 1947 na John Ragazzini na wenzake, na lina maana ya kifaa cha kufanyia hesabu: kujumlisha, kutoa, kuzidisha kwa namba. Ile opampu ya 741 mnayoijua ilitoka kiwandani Fairchild mwaka 1968. Kwa hiyo leo hatuipi opampu kazi ya kigeni, tunairudisha kwao.

Funga hivi. Mguu wa chanya peleka ethi, yaani sufuri ya saketi. Kwenye mguu wa hasi leta rezista ya kiloomu 10 kutoka kwenye volti unazotaka kupima. Kutoka mguu huohuo wa hasi kwenda kwenye mguu wa kutolea, mahali ambapo siku zote unaweka rezista ya mrejesho, ile inayorudisha kinachotoka kwenye kuingizia, weka diodi. Basi. Opampu inakuza tofauti ya miguu yake miwili mara 200,000 hivi, kwa hiyo haitulii mpaka mguu wa hasi uwe sawa na ethi. Haujaunganishwa na ethi, lakini unashikiliwa hapo hapo kwenye sufuri. Tunauita ethi bandia. Sasa volti 1 ikiingia, yote iko juu ya rezista, na mkondo ni mikroampia 100, hauna hiari. Mkondo huo hauwezi kuingia ndani ya opampu, njia iliyobaki ni diodi. Opampu inalazimika kushusha mguu wake wa kutolea mpaka diodi ikubali kupitisha mikroampia 100 kamili. Volti unayoipima pale nje ni logi ya volti uliyoiingiza, ikiwa na alama ya kutoa.

Fundi makini haweki diodi ya kawaida. Diodi nyingi ndogo, hii ya kioo ikiwamo, haziendi kwa milivolti 60. Zinaelekea 100 na zaidi, na kipimo kinapinda mkondo ukibadilika. Transista, ndugu ya diodi mwenye miguu mitatu, kolekta, besi na emita, ni nyoofu zaidi. Chukua transista ya BC547: kolekta kwenye mguu wa hasi, besi kwenye ethi, emita kwenye kutolea. Hapo kanuni ya Shockley inatii kuanzia mikondo ya nanoampia, na chini ya hapo, hadi karibu miliampia moja. Kwangu nyumbani, kwa volti 0.01 nilipata kama volti 0.48, kwa volti 0.1 nikapata 0.54, kwa volti 1 nikapata 0.60. Nilikaa nikizitazama zile namba tatu kama mtu anayesoma barua kutoka kwa ndugu.

Tahadhari mbili tatu nizitaje haraka. Logi ya sufuri haipo, wala logi ya namba hasi. Saketi nayo inalijua hilo: ukiingiza volti hasi, transista inafunga, mrejesho unakatika, opampu inakimbilia kwenye ukingo wa betri, na emita inaweza kupigwa volti za kinyume ikaumia. Weka diodi ya ulinzi. Pili, transista ndani ya mrejesho inaongeza ukuzaji, na saketi inaweza kuanza kupiga kelele zake yenyewe. Kapasita ndogo kati ya kutolea na mguu wa hasi, pamoja na rezista ndogo kwenye emita, huituliza. Tatu, kwa mikondo midogo saketi ni nzito. Msiidai mbio usiku wa mwezi.

Sasa niwaambie yaliyonikuta.

Nilipokuwa kijana nilitengeneza kipima mwanga cha namna hii. Nilikipanga usiku, ndani, feni ikizunguka, joto nyuzi 26. Nikaandika kwenye daftari: volti hizi ni mwanga huu. Asubuhi nikakipandisha juu ya bati la nyumba, kisanduku cha plastiki cheusi, nikashuka na waya mrefu nikakaa barazani na kalamu. Saa tatu asubuhi namba zilikuwa nzuri. Saa nne, nzuri. Saa sita na nusu mchana, jua likiwa utosini na mbuzi wote wako kivulini, mita ikaniambia mwanga ni hafifu kuliko saa tatu. Nilibadilisha opampu. Nilibadilisha betri. Nilichomelea upya kila kiungo. Siku tatu.

Kosa lilikuwa kwenye bati. Kwa mkondo uleule, volti ya transista hushuka kama milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Kisanduku changu kilifika nyuzi 50. Hizo ni nyuzi 24 juu ya pale nilipokipangia, yaani milivolti 48 zimepotea. Na milivolti 60 ni mara 10! Milivolti 48 ni zaidi ya mara 6. Mita ilikuwa ikiona jua kamili na kuniambia ni sehemu ya sita yake. Joto lilelile linalozipa elektroni nguvu ya kupanda mlima, lile lililotupa logi bure, ndilo lililokuwa likinidanganya.

Dawa yake ni nzuri mno, na nataka muielewe badala ya kuikariri. Transista moja inadanganya kwa sababu ule mkondo wake wa asili unapanda na joto. Chukua transista mbili zilizozaliwa pamoja kwenye kipande kimoja cha silikoni, zikae kwenye ganda moja, zipate joto moja. Moja ipitishe mkondo unaoupima, nyingine ipitishe mkondo ambao umeuweka mwenyewe na haubadiliki. Kila moja iwe na opampu yake. Halafu toa volti ya moja kwenye nyingine. Kwa kuwa zote mbili zimepotoka kwa kiasi kilekile, upotovu unafutika kwenye kutoa, na kinachobaki ni logi ya mkondo mmoja ukigawiwa kwa mwingine. Mkondo wa asili umetoweka kwenye hesabu.

Inabaki kasoro moja ndogo. Zile milivolti 60 zenyewe zinafuata joto halisi, lile linalohesabiwa kutoka nyuzi 273 chini ya sufuri. Kwa nyuzi 24 ni milivolti 59. Kwa nyuzi 32 ni 60.5. Hapo unaweka kwenye hatua ya mwisho ya ukuzaji rezista ambayo nayo inapanda na joto, kama asilimia 0.33 kwa kila nyuzi, na unaigusisha kwenye ganda la transista. Kikiwa hivyo, kipimo kinapanda batini na kurudi bila kusema uongo. Nilikuja kukirudisha juu mwaka uliofuata. Saa sita na nusu kilisema kweli. Na Arduino sasa ina kitu cha kushika: mara 400,000 zikitandazwa kwenye vidato 1,024, kila kidato ni tofauti ya asilimia 1.3 tu ya mwanga, usiku na mchana.

Antilogi haina maneno mengi, kwa sababu ni saketi ileile umeigeuza. Transista inatoka kwenye mrejesho inakwenda mlangoni, yaani pa kuingizia, rezista inatoka mlangoni inakwenda kwenye mrejesho. Ongeza milivolti 60 mlangoni, mkondo unakuwa mara 10, na rezista ya mrejesho inaugeuza mkondo huo kuwa volti. Lakini mshike adabu nayo: kosa la milivolti 1 tu mlangoni linatoka nje likiwa asilimia 4. Logi inasamehe makosa, antilogi inayazidisha.

Mkipita penye taarabu mkasikia kinanda cha umeme, kumbukeni hili. Oktavu moja kwenda juu ni sauti yenye mitetemo mara 2. Tena ni neno lile, kwa mara. Robert Moog alipotengeneza vinanda vyake vya elektroniki huko Marekani kuanzia 1964, alitumia volti 1 kwa kila oktavu, na antilogi ya transista ndiyo iliyoigeuza hiyo volti kuwa mitetemo. Ndani, volti hiyo moja hupunguzwa hadi milivolti 18, kwa sababu milivolti 18 ndizo zinazofanya mkondo kuwa mara 2. Wanamuziki wa vinanda hivyo waliteswa na joto kama nilivyoteswa mimi na bati: taa za jukwaa zikiwaka, kinanda kinatoka kwenye sauti.

Ukiwa na logi na antilogi pamoja, una kikokotoo bila kompyuta. Logi mbili zikijumlishwa kisha zikapitishwa kwenye antilogi, umezidisha. Ukiigawa logi kwa mbili kisha antilogi, umepata kipeuo cha pili. Nani anataka kipeuo cha pili kwa umeme? Sisi hapa! Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay 1982, na tangu 2015 bomba linatoka hapa kwetu hadi Dar es Salaam. Njia mojawapo ya zamani sana ya kupima gesi ndani ya bomba ni kuweka bamba lenye tundu, ukapima shinikizo kabla na baada ya tundu. Tofauti ya shinikizo ikiwa mara 4, gesi inayopita ni mara 2 tu; ni kipeuo cha pili. Siku hizi programu ndani ya kipimo ndiyo inayofanya hesabu hiyo. Zamani ilifanywa na saketi za namna hii, na kijana atakayeajiriwa kusoma vipimo vya gesi anapaswa kujua kwa nini namba mbili hizo hazipandi pamoja.

Mkuu wa chuo anatazama saa, namwelewa.

Pale mezani, karibu na mlango, nimeweka mifuko ya karatasi. Kila mfuko una opampu moja ya TL071, BC547 mbili, rezista za kiloomu 10, kapasita ndogo na diodi ya ulinzi. Betri mbili za volti 9 mtaazima karakana. Fungeni ile saketi ya kwanza, ile rahisi, isiyo na dawa ya joto. Ingizeni volti 1, msome volti 0.6 na ushei. Andikeni. Halafu mtu mmoja aishike transista kwa vidole viwili, taratibu, asiguse miguu yake, na mwingine aangalie mita. Chumba hiki kina nyuzi 28 hivi na vidole vyenu vina zaidi. Mtaona namba ikianza kushuka, milivolti moja moja, mpaka itulie karibu milivolti 10 chini ya pale ilipoanza. Achieni, ngojeni ipande tena, kisha mje mnionyeshe daftari. Nipo hapa hadi magharibi.